Dola tano za kodi ulizomtoza mteja si zako

«Shikamoo. Mimi ni Mtanzania, huu ni mwaka wangu wa tano hapa Houston. Nilianza kwa kusuka nywele nyumbani, halafu nikaingia kwenye kushona na kuuza magauni ya kitenge. Jumamosi nyingi napanga meza kwenye matamasha na hafla za jumuiya: magauni, mandazi, sambusa za nyama na chai ya maziwa. Wateja wengine wako Minnesota na Ohio, hao nawatumia kwa posta. Malipo karibu yote ni kwa programu za simu, Zelle na Cash App. Machi mwaka jana nilifungua LLC, yaani kampuni yangu ndogo, nikapata na EIN, namba yake ya kodi, nikajua mambo ya serikali nimeyamaliza. Dada mmoja tunayesali naye anasema Texas haina kodi. Binamu yangu wa Minneapolis anasema nguo hazitozwi kodi. Sasa wiki mbili zilizopita mteja aliniuliza mbona nimemwongezea dola tano za kodi na sina kibali chochote mezani. Ni kweli huwa naongeza, kwa sababu naona wenzangu wanaongeza. Tangu siku hiyo usingizi hauji. Nimevunja sheria? Nianzie wapi, na itanigharimu kiasi gani?»

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza maswali matatu, lakini ndani yake kuna sentensi moja uliyoipitisha kama mtu anayeruka dimbwi: «huwa naongeza». Tutairudia, kwa sababu ndiyo nzito kuliko zote. Hofu yako naielewa, ila naomba uipime. Kosa lipo, nalo lina njia ya kurekebishwa. Ukiwahi kuanza wewe kabla barua haijaanza kuja kwako, njia hiyo ni nafuu kuliko unavyodhani usiku wa manane.

Kwanza huyo dada wa kanisani. Hakudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Texas haina kodi ya jimbo kwenye mapato ya mtu binafsi, na mwaka 2019 wapiga kura waliifunga kabisa kwenye katiba ya jimbo. Mshahara wako na faida yako jimbo haligusi. Lakini barabara na shule za jimbo hazijengwi kwa sala. Texas imeamua kuchukua fedha zake pengine, na mfuko wake mkubwa ni kodi ya mauzo, iliyoanza mwaka 1961 ikiwa asilimia 2. Leo ni asilimia 6.25 kwa jimbo, na miji na mamlaka za mitaa zinaruhusiwa kuongeza hadi asilimia 2 juu yake. Hapo Houston jiji linachukua asilimia 1 na mamlaka ya usafiri wa mabasi na treni asilimia 1. Ndiyo maana kila risiti ya dukani unaona 8.25.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wetu wengi wanapoteleza, na wanateleza kwa sababu ya mazoea mazuri tuliyotoka nayo nyumbani. Tanzania Bara, mfanyabiashara halazimiki kusajili VAT mpaka mauzo yake yafikie shilingi milioni 200 kwa mwaka. Kenya ni shilingi milioni 5. Kwa hiyo mama wa meza ya vitenge anakua akijua kwamba kodi ya kwenye risiti ni ya wenye maduka makubwa na mashine za EFD za kutoa risiti. Anafika hapa na akili ileile: mimi ni mdogo, nikikua nitajisajili. Texas haina kizingiti hicho kwa muuzaji aliye ndani ya jimbo. Ukifanya biashara ya kuuza kitu kinachotozwa kodi, wajibu unaanza kwenye gauni la kwanza. Sheria inamsamehe mtu aliyeuza kitu kimoja au viwili tu ndani ya miezi 12 na si mfanyabiashara, kama kuuza kochi lako la zamani. Wewe una meza kila Jumamosi.

Tofauti ya pili na VAT ni namna fedha inavyotembea. Kwenye VAT kila mmoja kwenye mnyororo analipa kidogo na kudai alicholipa nyuma. Kodi ya mauzo ya Marekani inakaa mahali pamoja tu, kwa mlaji wa mwisho. Mlipaji ni yule mama aliyenunua gauni. Wewe umekaa katikati kama mtoza ushuru wa soko: unapokea, unaandika, unapeleka. Fedha hiyo haikuwa mapato yako hata kwa dakika moja, na kisheria ni amana ya jimbo iliyoko mkononi mwako. Hata ujira upo. Ukipeleka kwa wakati unaruhusiwa kubakiza nusu asilimia ya kodi uliyokusanya. Usicheke, kwa mwaka inaweza kununua vidonge viwili vitatu vya uzi.

Ukishaielewa amana hiyo, utaona kwa nini zile dola tano zinanisumbua kuliko kukosa kibali. Mtu ambaye hakutoza kodi kwa kutojua anadaiwa kodi ambayo hakuikusanya na adhabu ya kuchelewa, basi. Mtu aliyemwambia mteja «hii ni ya kodi» akaipokea na kuitumia, ameshika fedha ya jimbo. Jimbo linawatazama watu hawa wawili kwa macho tofauti kabisa, na kwa huyu wa pili, akifanya kwa makusudi, jambo linaweza kuwa jinai. Sikuandikii hivi nikutishe. Nataka uache kuongeza chochote kuanzia meza ya Jumamosi hii, mpaka uwe na kibali. Uza kwa bei yako tu. Kwa mauzo hayo bado utadaiwa kodi, nayo itatoka kwenye faida yako, lakini hutakuwa umemchukulia mtu kitu kwa jina la serikali.

Halafu angalia na hesabu yenyewe. Gauni la dola 85 kwa asilimia 8.25 lina kodi ya dola 7 na senti moja. Umetoza tano. Jimbo halitakudai tano, litakudai saba.

LLC haitakukinga hapa. Najua walivyokuambia, kwamba LLC inatenganisha mali yako na ya biashara, na kwa madeni mengi ya kawaida ndivyo ilivyo. Kwa kodi iliyokusanywa na haikupelekwa, ukuta huo una tundu: aliyekuwa na mamlaka ya kupeleka fedha na hakupeleka anaweza kudaiwa yeye binafsi. Na EIN ni namba ya serikali kuu, ya IRS, idara yake ya kodi. Inakutambulisha Washington, haisemi lolote kwa Austin, makao makuu ya Texas. Ofisi inayokudai ni ya Comptroller wa Texas, mkusanya kodi wa jimbo kama TRA ilivyo Tanzania, na kibali chake cha kodi ya mauzo unakiomba mtandaoni bure. Bure kabisa. Ukipokea barua yenye nembo inayofanana na ya serikali ikikutaka ulipe dola mia moja na kitu kwa ajili ya «cheti cha muuzaji», itupe. Waliofungua LLC wengi wanazipokea, maana majina yenu ni ya wazi kwenye daftari la jimbo.

Tuje kwenye meza yako, kwa sababu si kila kilichopo juu yake kinatozwa. Ningependa uichore kwenye karatasi na kuweka alama kitu kwa kitu.

Magauni yanatozwa, yote. Binamu yako wa Minneapolis yuko sahihi kwa Minneapolis: Minnesota imesamehe mavazi. Texas haijasamehe, isipokuwa wikiendi moja ya Agosti kabla shule hazijafunguliwa, ambapo nguo za chini ya dola 100 haziongezwi kodi. Gauni lako la 85 litapita wikiendi hiyo. Lakini kitenge kilichokunjwa, ambacho hakijashonwa, hakipiti hata wikiendi hiyo, kwa sababu vitambaa, nyuzi na vifungo havihesabiwi kuwa mavazi. Nimeshaona mabishano makali juu ya hili kwenye meza moja, muuzaji na mteja wote wakiwa wamekasirika, na kila mmoja yuko sahihi kwa nusu yake.

Sambusa za moto zinatozwa. Ni chakula kilicho tayari kuliwa hapohapo. Chai ya maziwa ya moto vilevile. Mandazi ni habari nyingine, na hili ndilo linalonifurahisha katika sheria yote ya Texas: mandazi yako ni ndugu wa donati. Vitu vya kuokwa na vya jamii ya mikate, vikiuzwa bila sahani wala uma, havitozwi. Mandazi sita kwenye mfuko wa karatasi, hakuna kodi. Mandazi hayohayo ukiyapanga kwenye sahani na kisu na uma pembeni, umeyageuza kuwa mlo, na yanatozwa. (Kuhusu sambusa za nyama, tofauti na kodi kuna sheria ya afya: utaratibu wa Texas unaoruhusu kuuza chakula kilichopikwa jikoni nyumbani hauhusu vyakula vya nyama. Muulize mtu wa idara ya afya ya jiji kabla ya tamasha lijalo. Hilo si fani yangu.)

Kusuka nywele hakutozwi kodi ya mauzo, kwa kuwa ni huduma isiyo kwenye orodha ya huduma zinazotozwa Texas. Ila rasta na mafuta unayomuuzia mteja aondoke nayo ni bidhaa, na bidhaa inatozwa. Andika mbali na malipo ya kusuka, usiyachanganye kwenye tarakimu moja ya Zelle.

Magauni unayotuma Minnesota na Ohio hayana kodi ya Texas, kwa sharti kwamba unaweza kuonyesha yalikwenda nje ya jimbo. Risiti ya posta yenye anwani ndiyo ushahidi wako, usiitupe. Je, unadaiwa na majimbo hayo? Tangu kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Juni 2018, jimbo linaweza kumtaka muuzaji wa mbali akusanye kodi hata kama hana duka huko. Lakini wanaanzia kwenye mauzo makubwa. Majimbo mengi yameweka dola 100,000 kwa mwaka ndani ya jimbo hilo, baadhi wanahesabu pia miamala 200. Kwa vifurushi vyako vya mwezi bado uko mbali. Kinachobadilisha hesabu ni miguu yako. Siku utakapopakia gari ukaenda kuweka meza Oklahoma au Louisiana, umekuwa muuzaji wa huko kwa siku hiyo, hata ukiuza magauni manne. Muulize mratibu wa tamasha utaratibu wa kodi kabla ya kulipia meza. Waratibu wazoefu wana fomu zake.

Zelle na Cash App. Naona hukuuliza waziwazi, ila uliitaja njia ya malipo kwa namna ya mtu anayetumaini kitu. Njia ya malipo haibadilishi chochote. Wengi wanaamini kwamba kama programu ya simu haijawatumia fomu ya 1099-K mwisho wa mwaka, basi mapato hayo hayapo. Fomu hiyo ni taarifa tu ya malipo uliyopokea. Wajibu upo iwe imekuja au haikuja, na rekodi za Zelle zinabaki benki miaka na miaka, zina tarehe, jina la aliyetuma na wakati mwingine ule ujumbe mdogo: «gauni la harusi, asante dada». Ukaguzi ukija, huo ni ushahidi mzuri kuliko daftari. Tofauti ni soko la mtandaoni kama Etsy, ambalo lenyewe kwa sheria linakusanya na kupeleka kodi kwa niaba yako. Instagram na WhatsApp si hivyo, hapo muuzaji ni wewe.

Sasa gharama. Sina vitabu vyako, kwa hiyo nachukua tarakimu za mfano, wewe utaweka zako. Tuseme kwa miaka miwili umeingiza dola 34,000: magauni 20,000, sambusa na chai 3,000, mandazi 2,000, kusuka 9,000. Kusuka na mandazi tunaweka pembeni. Kati ya magauni, tuseme ya dola 5,000 yalikwenda nje ya Texas na una risiti za posta. Kinachobaki ni 15,000 ya magauni na 3,000 ya sambusa na chai, jumla 18,000. Mara 8.25 kwa mia, unapata dola 1,485. Hiyo ndiyo kodi yenyewe. Adhabu ya kuchelewa ni asilimia 5 katika siku 30 za kwanza na 10 baada ya hapo, yaani kwako 148 na nusu. Kuna na dola 50 kwa kila ritani, yaani fomu ya kutangaza mauzo na kodi, iliyochelewa. Ukihesabiwa robo nane za mwaka, hizo peke yake ni 400. Juu yake riba. Kwa hiyo tunazungumzia kama dola elfu mbili na kitu. Inauma, lakini si nyumba, na si kurudishwa Tanzania kama ulivyokuwa ukiwaza saa tisa za usiku.

Zingatia kwamba nimepiga 8.25 juu ya bei yako yote. Unaweza kusema, «lakini zile bei zilikuwa na kodi ndani». Bila bango wala risiti inayosema hivyo, jimbo linachukulia kwamba haikuwamo. Na kama vitambaa ulivinunua maduka ya hapa Houston ukalipa kodi dukani, kusanya risiti hizo zote, hata zilizofifia, zipige picha. Inawezekana sehemu ikapunguzwa, na mtu atakayeshika kesi yako atataka kuziona.

Njia za kutoka ni mbili, na moja ina mlango unaofungwa.

Ya kwanza ni kuomba kibali leo, kuwasilisha ritani zote za nyuma na kulipa pamoja na adhabu. Ni rahisi, na kwa deni dogo wengine huichagua ili wamalize. Fomu ya kibali itakuuliza siku ya kwanza uliyofanya mauzo Texas. Hapo shetani huja kukaa begani na kukunong'oneza uandike mwezi huu. Usiandike. Kawaida jimbo lina miaka minne ya kurudi nyuma kukudai, lakini kwa mtu ambaye hakuwasilisha ritani kabisa, au aliwasilisha ya uongo, miaka hiyo minne haipo. Utakuwa umegeuza kutojua kuwa udanganyifu, kwa saini yako mwenyewe.

Ya pili ni mpango wa Comptroller wa kujitokeza kwa hiari. Unakwenda wewe kabla hawajakutafuta, mnaandikiana makubaliano, wanarudi nyuma si zaidi ya miaka minne, na adhabu zinasamehewa. Riba pia inaweza kusamehewa, isipokuwa kwa ile kodi uliyokwisha kuikusanya kwa wateja. Hapo tena zile dola tano zinajitokeza. Mwakilishi wako anaweza kuanza mazungumzo bila kutaja jina lako. Mlango unaofungwa ni huu: wakishakuandikia barua au kukupigia kuhusu kodi hiyo, hujajitokeza tena, umekamatwa. Kwako wewe, kwa kuwa uliwatoza watu, ningeshauri uzungumze na mtu kuhusu njia hii ya pili kabla hujagusa fomu ya kibali. Ukikuta gharama ya mtaalamu inakaribia adhabu itakayosamehewa, rudi njia ya kwanza bila kujilaumu. Kuna wateja niliowashauri hivyo.

Ukishapata kibali maisha ni mepesi kuliko unavyofikiri. Kwa ukubwa wako huenda watakuweka kwenye ritani ya kila robo: Aprili 20, Julai 20, Oktoba 20, Januari 20. Unaijaza mtandaoni kwenye mfumo wao wa Webfile, nusu saa tu. Robo ambayo hukuuza kitu bado unawasilisha sifuri. Watu wengi wanakamatwa hapa: alikwenda Mwanza miezi mitatu kumuuguza mama, hakuuza hata kifungo, akarudi akakuta dola 50 za kuchelewesha ritani ya sifuri.

Kibali kinakupa pia haki ambayo hukuwa nayo: kumpa muuzaji wa vitambaa cheti cha kununua kwa ajili ya kuuza tena, ukanunua vitenge, uzi na zipu bila kodi, kwa sababu vyote vinaishia kwenye gauni ambalo mteja atalilipia kodi. Hema na meza ya tamasha havimo, hivyo unavitumia wewe. Na ukichukua doti moja kwenye mzigo huo ukajishonea la sikukuu, umekuwa mlaji wa mwisho, unadaiwa kodi yake kwa bei uliyonunulia. Ndiyo, hata hiyo.

Kuhusu mezani, nakushauri bango dogo lililoandikwa kwamba bei za magauni na sambusa zina kodi ndani. Jumamosi yenye foleni huna muda wa kutafuta senti moja za chenji. Ila jioni ukikaa kuhesabu, usizidishe, gawanya. Dola 1,000 zenye kodi ndani unazigawa kwa 1.0825, unapata 923.79. Kodi ni 76.21. Ukizidisha 1,000 kwa 8.25 unapata 82.50 na unalipa dola sita ambazo hudaiwi. Nilimkuta mteja mmoja, fundi cherehani kama wewe, ana daftari safi la kurasa za mistari, miaka miwili amezidisha badala ya kugawanya. Alikuwa akilipa jimbo zaidi kwa uaminifu mkubwa. Hizo 76 zihamishe usiku uleule kwenye akaunti nyingine isiyo na kadi. Kadi ikiwepo, tiketi ya kwenda nyumbani Desemba itaipata.

LLC yako nayo ina jambo lake. Texas ina kodi wanayoiita franchaizi, ambayo haihusiani na mikahawa ya burger. Ni kodi ya kampuni kwa haki ya kufanya biashara jimboni. Kwa ripoti za 2024 na 2025, kampuni yenye mapato yasiyozidi dola milioni 2.47 haikudaiwa kitu, kwa hiyo fedha hutoi. Ila karatasi inabaki: kila mwaka, Mei 15, LLC lazima iwasilishe taarifa ya umma inayotaja wenye nayo. Uliyoifungua Machi mwaka jana inaanza kudaiwa taarifa hiyo Mei ya mwaka huu. Ukiipuuza, Comptroller anaweza kuifutia LLC haki yake ya kufanya biashara, na ule ukuta uliolipia ada ya usajili unabomoka kwa kukosa fomu ya ukurasa mmoja. Kama ungeniuliza kabla, ningekuambia kwa meza ya Jumamosi LLC ingesubiri. Anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe hana franchaizi kabisa. Lakini umeshaifungua, itunze.

Mbali na jimbo, serikali kuu bado ipo: faida yako, kusuka kukiwemo, inaingia kwenye ritani yako ya Aprili 15, na kuna asilimia 15.3 ya kodi ya aliyejiajiri. Sikuingia huko kwa sababu hukuuliza, lakini kama ritani zako za miaka miwili zina mshahara wa kazini tu bila mapato ya meza, mwambie mhasibu mara moja mnapokutana. Usisubiri agundue. Na siku utakapomwajiri msichana wa kukusaidia kushona, rudi uulize upya: robo utakayolipa mishahara ya dola 1,500 unaingia kwenye kodi ya bima ya ukosefu wa kazi ya Texas, na mlango huo una fomu zake.

Mtu wa kumwona ana kwa ana ni CPA, mhasibu mwenye leseni, anayeshughulika na kodi ya mauzo ya Texas. Muulize wazi kwenye simu ya kwanza: «umewahi kumsaidia mtu kujitokeza kwa hiari kwa Comptroller?» Wanaojaza ritani za watu binafsi msimu wa Januari mpaka Aprili, hata wazuri, wengi hawajawahi. Kwa upande wa vitabu na mipango, kituo cha SBDC kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Houston kinatoa ushauri bure kwa biashara ndogo, nao wamezoea lafudhi zetu. Barua yenye neno ukaguzi ikifika kabla hujafanya lolote, usiijibu mwenyewe na usipige simu ukiwa na hofu. Pigia CPA kwanza, siku hiyohiyo, maana barua zina siku zake.

Wiki hii fanya mambo mawili tu. Pakua taarifa za Zelle na Cash App tangu gauni la kwanza, kisha pembeni ya kila malipo andika kwa kalamu: gauni, sambusa, mandazi, nywele, posta. Na Jumamosi, mteja akikuuliza kodi iko wapi, mwambie bei ni 85 tu, leo hakuna cha kuongeza.